Kuongoza Si Kuamrisha: Miezi Sita ya Kujifunza Dansi

Ndugu msomaji, zipo aibu ambazo mtu huzisahau baada ya siku mbili, na zipo aibu zinazomwamsha usiku wa manane zikamlazimisha kutafuta dawa. Aibu iliyotupata sisi ilikuwa ya namna hiyo ya pili. Ilitokea katika karamu ya mwisho wa mwaka ya maafisa. Bendi ilipopiga walzi ya kufungulia dansi, mgeni wa heshima alisimama, akampa mkewe mkono, wakaingia sakafuni. Desturi ilitaka maafisa wafuate pamoja na wake zao. Hakufuata mtu. Tulibaki vitini tukitazama ncha za viatu tulivyokuwa tumeving'arisha tangu asubuhi, huku wazee wale wawili, ambao umri wao umekwisha kupita miaka sitini, wakizunguka ukumbi peke yao, mzunguko wa kwanza, wa pili, hata wa tatu.

Wake zetu walikuwa wameketi upande wa pili wa ukumbi, kama ilivyokuwa mazoea yetu mabaya: waume huku wakizungumza habari za kazi, wake kule wakizungumza habari za watoto na bei ya sukari. Njiani kurudi nyumbani hakusema mtu neno. Miezi ikapita, nasi tukadhani jambo lile limekwisha. Kumbe wenzetu hawakusahau. Ulipofika mwezi wa Mei, mmoja wao, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alitutangazia kwamba amempata mzee mmoja hapa Jinja anayejua dansi ya ukumbini na aliye tayari kutufundisha. "Ama mtakwenda nasi kujifunza," alisema, "ama mwaka huu tutakwenda karamuni sisi kwa sisi, nanyi mbaki mkilinda kambi."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tulikuwa jozi saba, waume na wake, na tulikutana kila Jumanne na Ijumaa jioni, tangu Juni hadi Novemba. Hatuandiki makala haya kwa kuwa tumekuwa mabingwa. Sisi ni wachezaji wa ridhaa, tena wa daraja la chini kabisa. Twaandika kwa sababu katika miezi ile sita tulijifunza jambo ambalo hatukwenda kulitafuta.

MZEE NA SAKAFU YAKE

Ukumbi wetu ni wa kawaida, hutumika kwa harusi na mikutano, na sakafu yake ni ya saruji. Mwalimu wetu amekaribia miaka themanini. Alikuwa karani wa reli katika zama ambazo reli ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa moja, kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na dansi aliipata Nairobi alipokuwa karani kijana, katika kumbi za mitaa ya wafanyakazi. Kila jioni huja amefunga tai. Sisi twamwita Mzee, naye hutuita vijana wake, ingawa baadhi yetu tumekwisha kuanza kuota mvi.

Siku ya kwanza hakupiga muziki hata kidogo. Alitazama viatu vyetu tu. Waliovaa viatu vya soli ya mpira aliwarudisha, akisema kwamba mpira hushika saruji. Mwili hugeuka na mguu hubaki pale pale, kisha goti ndilo linalolipa deni. Alitaka viatu vyenye soli ya ngozi, hata kama ni vikuukuu. Kisha akachukua chaki, akachora mstari mrefu kuuzunguka ukumbi. Akatufundisha kwamba katika dansi hii watu wote husafiri upande mmoja, kinyume cha mishale ya saa, ubavu wa kushoto wa mwanamume anayekwenda mbele ukielekea katikati ya ukumbi na ubavu wa kulia ukielekea ukutani. Asiyeufuata mstari huo huwagonga wenzake, kama dereva aliyeingia barabarani upande usio wake.

Akatueleza kwamba dansi za fani hii ni tano: walzi, tango, walzi ya Vienna, foksitroti na kwikistepu. Kando yake zimewekwa tano nyingine zinazoitwa za Kilatini, nazo ni samba, chacha, rumba, paso doble na jaivu. Kila moja ina kasi yake iliyopimwa. Walzi huchezwa kwa midundo 84 hadi 90 kwa dakika. Ile ya Vienna huifanya midundo hiyo kuwa karibu maradufu, ikafika 174 hadi 180. Tukamwomba atufundishe zote. Mzee akacheka, akasema, "Mtajifunza mbili, walzi na foksitroti. Mwenye kuijua walzi vizuri haaibiki katika karamu yoyote. Mwenye kujua kumi vibaya huaibika mara kumi."

MGUU WA KUSHOTO

Tuliona kwamba walzi haiwezi kuwatisha watu waliopita katika shule ya kadeti. Hatua ni tatu tu: mguu mmoja mbele, wa pili pembeni, wa kwanza ukaja kuungana na wa pili. Sisi tuliokwisha kupiga gwaride juani kwa saa nyingi, hatua tatu ni kitu gani?

Kumbe gwaride ndilo lililotufunga. Katika gwaride, mguu wa kushoto ndio unaoangukia pigo kubwa la ngoma, leo, kesho na siku zote. Askari hulala na pigo hilo, huamka nalo. Lakini walzi ina midundo mitatu, na miguu ya binadamu ni miwili. Pigo kubwa likiangukia mguu wa kushoto katika kipimo cha kwanza, katika kipimo cha pili litaangukia wa kulia, kisha kushoto tena, kisha kulia. Mwili wa askari hukataa jambo hili kwa nguvu zake zote. Kila pigo kubwa lilipotukuta mguuni kulia, tulijihisi tumekosea, na bila kukusudia tulibadili mguu kama tulivyofundishwa kambini. Wake zetu, ambao hawakuwa na kosa lolote, walikanyagwa vidole.

Ilituchukua wiki tano kuacha kubadili mguu. Dawa aliyotupa Mzee haikuwa dansi. Alituamuru tutembee tu, mmoja mmoja, kuuzunguka ukumbi, tukihesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, na kupiga kofi kwenye moja. Jioni nzima ilipita hivyo, na ya pili, na ya tatu. Wapita njia walichungulia madirishani wakaona maafisa wakitembea na kupiga makofi kama watoto wa chekechea. Tulivumilia. Siku moja, katika wiki ya tano, kofi na mguu vilikutana bila sisi kuvikutanisha, na hapo tukajua kwamba kitu kimeshuka kutoka kichwani kikafika miguuni.

JE, NI MAMBO YA WAKOLONI?

Haikukosa watu wa kutucheka. Mwenzetu mmoja wa kambini alituuliza kwa nini tunapoteza jioni zetu kwa mambo ya wakoloni, ilhali nchi yetu ina ngoma zisizohesabika. Swali hilo ni la haki, na tulimpelekea Mzee.

Mzee alisema kwamba hakuna taifa ambalo walzi ilizaliwa nalo ikakubaliwa siku hiyo hiyo. Ilianza kama dansi ya watu wa vijijini katika nchi za Austria na kusini mwa Ujerumani, na ilipofika Uingereza ilipokelewa kwa hasira. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliilaani kwamba ni dansi isiyo na adabu, iliyoletwa na wageni, na likawaonya wazazi wasiwaachie binti zao kuicheza. Kwa hiyo Waingereza nao waliwahi kusema hayo hayo anayoyasema mwenzetu wa kambini.

Kadhalika historia ya Afrika Mashariki yenyewe haikubali jibu jepesi. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, katika miji ya pwani ya Kenya, vijana walianzisha ngoma iliyoitwa beni, iliyoiga bendi za kijeshi, yenye safu, sare na vyeo vyake. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliibeba beni wakaifikisha mbali barani. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1975. Kutoka hapo vijana wa mijini waliingia katika dansi yenyewe, ya mtu na mwenzake. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Mwaka uliofuata zilianza kutolewa santuri zenye alama ya GV, zilizoleta muziki wa Kuba Afrika. Watu wa Kongo walipozisikia waliutambua mdundo uliochukuliwa na mababu waliopelekwa utumwani, wakaufanya wao tena. Na mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu wote. Basi katika kumbi zile za zamani foksitroti na rumba zilipigwa usiku mmoja na bendi moja, na mchezaji hakuulizwa pasi ya kusafiria ya kila wimbo.

Na hata wale walioziwekea dansi hizi sheria huko London katika miaka ya 1920, mmoja wao mashuhuri alikuwa askari. Victor Silvester aliingia jeshini akiwa kijana mdogo katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1922 alishinda mashindano ya dunia ya dansi ya ukumbini pamoja na mwenzake Phyllis Clarke, na mwaka 1935 akaanzisha bendi iliyopiga kwa kasi isiyobadilika, ili wanaojifunza wasipotee. Mzee wetu alijifunza kwa santuri za bendi hiyo. Tulipomwambia mwenzetu wa kambini kwamba askari wamekuwamo katika jambo hili tangu zamani, alinyamaza. Hakujiunga nasi, lakini kucheka aliacha.

TAHADHARI NA UTEKELEZAJI

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe lililotufanya tuandike.

Miguu ilipokwisha kutii, Mzee alituunganisha na wake zetu. Alitufundisha jinsi ya kushikana: mkono wa kulia wa mwanamume chini ya bega la mwenzake, mgongoni, mkono wa kushoto umeshika mkono wake wa kulia, nao umeinuliwa, mkono wa kushoto wa mwanamke unapumzika juu ya mkono wa mwanamume, karibu na bega. Wawili hawasimami uso kwa uso kabisa. Mwanamke husimama amesogea kidogo upande wa kulia wa mwanamume, hata kinywa chake kikawa karibu na sikio la kulia la mwenzake. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Tulianza kucheza, na papo hapo mambo yakaharibika. Tuliwasukuma, tuliwavuta, tuliwageuza kwa mabavu. Mzee alisimamisha muziki. Alimwambia mmoja wetu, "Kijana wangu, unamsukuma mama kama gari lililokwama matopeni." Kisha akatuuliza, sisi wanajeshi, amri hutolewaje katika gwaride.

Tulimweleza kwa furaha, maana hilo tulilijua. Amri ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya tahadhari, inayomwambia askari ajitayarishe. Ya pili ni ya utekelezaji, na hapo ndipo anapotenda. Kati ya hizo mbili huachwa nafasi. Afisa asiyeacha nafasi hupata kikosi kinachogeuka ovyo ovyo, mmoja baada ya mwingine.

Mzee, ambaye hajapata kuvaa sare ya jeshi maishani mwake, alipiga goti lake kwa kofi. "Basi mmejihukumu wenyewe," alisema. "Mnawapa wake zenu utekelezaji bila tahadhari." Akatuonyesha. Kabla ya hatua, uzito wa mwili hutulia juu ya mguu mmoja, goti hulegea kidogo, na kifua hutangulia kusema kinakotaka kwenda. Hiyo ndiyo tahadhari. Mwenzako akiisikia, huanza kuondoka mwenyewe. Baada ya hapo kazi ya mwanamume si kusukuma. Kazi yake ni kungoja amwone anakwenda, kisha amfuate pale alipomwalika. "Ukisha kualika, ngoja," alisema Mzee, na maneno hayo aliyarudia kila jioni mpaka yakawa kama salamu yetu.

Ili tuelewe, alitufanyisha zoezi lililotuogopesha. Aliamuru kwamba jioni ile wake zetu waongoze, na sisi tufuate tukiwa tumefumba macho. Katika walzi anayefuata hutembea nyuma nyuma sehemu kubwa ya safari. Tuliofumba macho tulirudi nyuma gizani, bila kujua kama mbele ya visigino vyetu kuna ukuta, kiti au mtu. Hofu ile hatujaisahau. Ndipo tulipotambua kwamba tangu Juni tulikuwa tukiwapeleka wenzetu hivyo hivyo, jioni baada ya jioni, bila kuwaambia waendako, na tena tukiwakemea walipojikwaa.

SIKIO LA MMOJA WETU

Jioni ile ile likatokea jambo jingine. Mhusika ametupa ruhusa ya kulieleza. Jina lake tunalihifadhi.

Mmoja wetu alikuwa nyuma ya wenzake tangu mwanzo. Miguu yake ilikuwa mizuri, lakini alipoteza hesabu kila mara, hasa ukumbi ulipojaa sauti. Mkewe, mwanamke mpole, aliona kwamba amsaidie. Kwa wiki nyingi alimhesabia sikioni kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, ili wengine wasisikie na mumewe asiaibike. Mumewe hakuonyesha kujali. Aliendelea kupotea.

Jioni ya kufumba macho mkewe aliongoza na kuhesabu kama kawaida, naye akasimama kama nguzo katikati ya ukumbi. Mkewe akashindwa kuvumilia. "Baba watoto," alisema, na safari hii sote tulisikia, "nakuhesabia muda wote huu. Mbona hunijibu hata kwa mguu?"

Mume akafumbua macho. "Ulikuwa ukihesabu?" aliuliza.

Mzee alizima muziki. Aliwauliza wanasimamaje, na mke husemea upande gani. Ulikuwa upande wa kulia, kama ilivyo kwa jozi zote. Mzee akamwita mume kwa sauti ndogo kutoka upande huo, mara mbili. Hakugeuka. Alipoitwa kutoka kushoto, aligeuka mara moja.

Hakukuwa na la kusema. Mke alikwenda akaketi kwenye benchi. Baadaye alitueleza yaliyompita kichwani wakati ule. Kwa muda wa miaka miwili mumewe alikuwa hamjibu mezani, hamjibu kitandani, hamjibu garini alipokuwa mwingine akiendesha. Yeye aliamini kwamba amedharauliwa. Alikuwa amekwisha kumwambia mama yake mzazi kwamba ndoa ile imekuwa ya kimya, na mama alikuwa amekwisha kumjibu kwamba mlango wa nyumbani uko wazi. Na mume kwa upande wake alikuwa akijua kwamba sikio limepungua, ila alijidanganya kwamba ni uchovu. Alihofia kuonekana kuwa hafai kazini, na alihofia zaidi kuonekana hivyo nyumbani.

Wiki mbili hawakuja mazoezini. Tulidhani tumewapoteza. Katika wiki hizo walikwenda kwa daktari pamoja. Daktari aliwaeleza kwamba mlio wa bunduki huzidi desibeli 140, na kwamba vinyweleo vidogo vilivyo ndani kabisa ya sikio, vinavyopokea sauti, vikisha kufa haviotu tena. Aghalabu wapiga bunduki huumia sikio la kushoto, kwa kuwa wengi hutega bunduki bega la kulia, na sikio la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki. Mwenzetu huyu ni mtu wa mkono wa kushoto, ndiyo maana kwake lililoumia ni la kulia. Hakufukuzwa kazi kama alivyohofia. Aliagizwa kulilinda sikio lililobaki, na kutokwenda tena uwanja wa shabaha bila vizibo vya masikio. Lile la kulia halitapona.

Waliporudi, Mzee hakuwapa maneno mengi. Alimwambia mke, "Sheria inasema mkono wako wa kushoto utulie juu ya mkono wake. Wewe nakusamehe sheria hiyo. Kila ikifika moja, bonyeza kidole." Basi tangu siku hiyo hesabu ya walzi ilimfikia mwenzetu kwa kupitia nyama ya mkono, wala haikupotea tena.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Msomaji anayetaka kujifunza atatuuliza mazoezi yetu yalikuwaje. Jibu letu ni kwamba saa mbili za Ijumaa hazifui dafu mbele ya dakika ishirini za kila siku. Tulisukuma meza za sebuleni ukutani, watoto wakakaa juu yake wakawa waamuzi wetu. Watoto ni waamuzi wakali, hawasamehi mguu.

Tulijifunza pia kwamba maendeleo hayapandi kama ngazi. Mwezi wa nne sote tulirudi nyuma. Tulichokuwa tukikifanya vizuri Agosti kilitushinda Septemba, kwa sababu tulikuwa tumeanza kukifikiri. Jozi mbili zilituacha wakati huo, moja kwa uhamisho, moja kwa kukata tamaa, nasi hatuwalaumu. Mzee alisema hali ile ni dalili kwamba macho yameanza kuona makosa ambayo zamani hayakuyaona.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa foksitroti, na ugumu wake ni wa ajabu. Huchezwa kwa midundo 112 hadi 120 kwa dakika. Sasa, midundo 120 ndiyo mwendo wetu wa gwaride. Tulipoisikia tuliona tumefika nyumbani. Lakini hatua zake huitwa pole, pole, haraka, haraka, na kila pole hula midundo miwili. Miguu haiungani wala haisimami. Mmoja hupita kando ya mwingine bila kukatika, kama maji. Askari anajua kwenda, na anajua kusimama. Kwenda polepole bila kusimama, akiwa juu ya mguu mmoja, na mtu mwingine mbele yake anayemtegemea, hilo halikuwamo katika mafunzo yake. Mpaka leo foksitroti yetu ina mashimo.

USIKU WA KARAMU

Desemba ikafika. Tulikuwa jozi tano. Mzee alialikwa, akaketi karibu na mlango na tai yake, akatuonya tusimtazame. Mgeni wa heshima alipoingia sakafuni na mkewe, tuliwafuata.

Hatutadai kwamba tulicheza vizuri. Bendi ilipiga walzi kwa kasi kuliko tuliyoizoea, na vipaza sauti vilikuwa vikubwa mno hata ukumbi ukatetemeka. Katika kelele ile wengi wetu tulipoteza hesabu. Jozi moja iligonga meza, glasi mbili zikavunjika. Mmoja wetu alibadili mguu kama siku ya kwanza. Lakini kila aliyepotea alifanya alivyofundishwa: alitulia juu ya mguu mmoja, akamsikiliza mwenzake, akangoja, kisha wakaanza tena pamoja.

Jozi moja tu haikupotea hata mara moja. Walizunguka kando ya ukuta, taratibu, na aliyekuwa karibu aliweza kuona kidole cha mke kikibonyeza juu ya mkono wa koti la sare, kila baada ya midundo mitatu. Kelele hazikuwadhuru, maana hesabu yao haikupitia masikioni.

Muziki ulipokwisha, tulirudi kuketi. Hakuna aliyetoa agizo, lakini viti vilikuwa vimechanganyika, waume na wake mahali pamoja. Mzee alikuwa amekwisha kuondoka kuwahi gari.

Basi, ndugu msomaji, kama una mwenzako na una sakafu, tafuta mwalimu ujifunze, iwe ni walzi, rumba au ngoma ya kwenu inayochezwa wawili wawili. Vaa soli ya ngozi. Usidharau kutembea na kupiga makofi. Kama kazi yako ni ya milio mikubwa, ya bunduki au ya mashine za kiwandani, linda masikio yako na uyapeleke yakapimwe kabla mkeo hajakudhani una kiburi. Na wewe uliyepewa madaraka ya kuongoza watu, kazini au nyumbani, chukua maneno ya karani wetu wa reli, ambayo sisi tuliyasikia tukiwa tumechelewa: ukisha kualika, ngoja.